Goli Lenye Upindo

Mume wangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Sentimita. Futi yake ya kupimia nguo haishuki shingoni. Anaamka nayo, anakula nayo, na siku ya harusi yetu, kabla hata hajanishika mkono, alinitazama begani akaninong'oneza, "Kushoto kumeshuka kidogo, lakini tutakuweka sawa." Nikadhani ni maneno ya mapenzi. Kumbe mwenzangu alikuwa anamaanisha gauni.

Sifa yake kubwa ni nguo za watoto. Kina mama wanamfuata kutoka mitaa ya mbali kwa sababu ya upindo. Sketi ya shule akiishona Sentimita, kule chini kwa ndani anaacha kitambaa kilichokunjwa, kipana kiasi cha shibiri, kimeshikwa kwa uzi mwepesi. Mtoto akirefuka, mama yake anafumua uzi, anapiga pasi, sketi inashuka na maisha yanaendelea. "Nguo ya mtoto haipimwi kwa alipo," husema, "inapimwa kwa anakokwenda." Amelisema hilo mpaka wateja wangu wanaweza kummalizia. Mimi ni msusi. Yeye ana chumba cha mbele na cherehani yake, mimi nina kibaraza na mkeka wangu, na kati yetu kuna dirisha ambalo umbea hupita bila kulipa ushuru.

Basi mwanzoni mwa muhula alimsimamisha kitinda mimba wetu katikati ya chumba ampime sare mpya. Akampima nyuma, toka shingoni hadi kiunoni. Akampima mbele. Akarudia. Halafu akaivua futi shingoni, jambo ambalo sijapata kuliona, akatoka kibarazani na uso wa mtu aliyepoteza ufunguo.

"Mama watoto, huyu mtoto amefupika."

"Amefupika wapi? Juzi tu kajigonga kichwa kwenye mlango wa jikoni!"

"Mgongo umeongezeka, kifua kimepungua. Anajikunja, mke wangu. Mtoto wangu anajikunja."

Nikachungulia dirishani. Alikuwa bado amesimama pale alipoachwa, mabega yameingia ndani, kidevu kimelala kifuani, magoti yamelegea kidogo, yote hayo ili awe kimo cha wenzake. Moyo uliniuma. Ninasuka vichwa vya watu kutwa nzima, na cha mwanangu kilikuwa kinainama mbele ya macho yangu nisikione.

Habari zake tulizipata kwa shida, maana binti yetu maneno hutoka kwake kama dawa ya meno inayokaribia kwisha. Shuleni walikuwa wanamwita Ngazi. "Ngazi, njoo utubadilishie taa!" Na kitu pekee alichokuwa anakipenda, mpira wa kikapu, kilikuwa kimemponyoka. Kiwanja cha shule kilikuwa kimechimbwa, panajengwa madarasa. Kiwanja cha mtaa kilikuwa cha vijana wa kiume, na msichana akipita na mpira pale anapigiwa miluzi mpaka ajute kuzaliwa na miguu. Mwishoni mwa muhula kocha wa timu ya wasichana ya mji wetu alikuwa anachagua wachezaji wapya. Toka akiwa darasa la pili binti yetu alikuwa anaiota timu ile. Sasa alikuwa anasema hataki.

"Nikasimame pale katikati watu wote wanitazame? Siendi."

Mimi timu haikunitia hofu. Asipochaguliwa, atakula, atalala, atakua. Kilichonitia hofu ni kwamba mtoto akizoea kujikunja, anazeeka hivyo hivyo amejikunja. Nimewasuka wanawake wazima wenye shingo za namna hiyo, na hakuna msuko unaozinyoosha.

Jioni, tukiwa tunakula, Sentimita akaweka kijiko chini.

"Uani," alisema.

"Uani kuna nini?"

"Kuna ukuta mrefu, na hakuna wa kumtazama. Tunajenga kiwanja."

Uani mwetu, ndugu msomaji, kulikuwa na kamba yangu ya nguo, matuta yangu ya mboga, na banda la kuku ambalo kuku walishalihama wenyewe kwa aibu. Nilimwambia baba watoto kwamba wazimu una madaraja yake na yeye amepanda la juu kabisa. Nilimwuliza nguo zitaanikwa wapi, shingoni mwake pamoja na futi? Nilisema mengi. Yeye akawa ananisikiliza kwa upole, jicho likipima ua kutoka ukuta hadi ukuta, na binti yetu akawa anatutazama kwa zamu. Kisha nikaliona. Alikuwa ameketi wima. Alikuwa amesahau kujikunja, kwa sababu ya kutaka kusikia nitajibu nini.

"Kamba ya nguo ihamie ubavuni," nikasema. "Na mboga zangu usizing'oe wewe, nitazing'oa mimi mwenyewe kwa hasira zangu."

Hivyo ndivyo tulivyoanza, na maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga. Banda la kuku lilishuka asubuhi moja kwa vumbi na chafya. Tulichimba, tukasawazisha, na Sentimita akatembea uani na mpira mwembamba wa maji, ncha moja kaishika yeye, ncha nyingine binti yake, wakiangalia maji yalivyosimama huku na kule ili kujua upande gani umeinuka. Ulikuwa umeinuka upande wa jikoni kwangu, bila shaka. Kila kitu katika nyumba ile kikienda kombo, chanzo ni jikoni kwangu.

Mdogo wangu wa kiume ni mchomeleaji. Anatengeneza mageti na madirisha, na sauti yake inalingana na mashine zake. Alipoitwa atengeneze nguzo na pete ya goli, alikuja mbio hata hajavua miwani ya kuchomelea.

"Shemeji, nipe urefu tu! Nipe urefu nikuletee chuma!"

Sentimita alikwishampigia simu mwalimu wa michezo, akaambiwa pete inatakiwa ikae mita tatu na vidole vichache kutoka chini. Lakini fundi cherehani hatoi kipimo mdomoni, anakitoa kwenye uzi. Akapima uzi, akaufunga fundo, akaukata, akamkabidhi shemeji yake kwa mikono miwili kama anakabidhi posa. Mdogo wangu akaondoka na uzi. Hakuna aliyeurudia kuupima. Nani ampime Sentimita? Ni sawa na kumwonja mpishi ulimi.

Siku ya zege sitaisahau mpaka naingia kaburini. Tulikuwa tumepanga vijana wawili wa kuchanganya, na wote wawili hawakutokea. Mchanga umemwagwa, kokoto zimemwagwa, mifuko ya simenti imeshafunguliwa, na wingu limekaa juu yetu linatuchungulia. Sentimita akashika kichwa. Mimi nilikuwa kibarazani na mteja mkononi, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama imesikia habari mbaya. Wengine watatu walikuwa wanasubiri foleni. Yule wa nusu kichwa akageuka akaniangalia.

"Dada, mume wako atalia."

"Mwache alie, nimemaliza upande mmoja tu."

"Kidole kimoja hakivunji chawa," akasema, akajifunga khanga kiunoni akanyanyuka.

Basi wakanyanyuka wote. Jamani! Karai linatoka mkono huu kwenda mkono ule, mmoja anamwaga maji, mwingine anageuza kwa chepe, mdogo wangu anapiga kelele za amri ambazo hakuna anayezifuata, na yule mteja wangu, kichwa nusu mistari nusu msitu, ndiye aliyeongoza wimbo. Majirani walichungulia juu ya ukuta kuona kuna nini, na kila aliyechungulia alipewa karai. Binti yetu alikuwa katikati ya wote, miguu imezama kwenye zege, anavuta ubao wa kusawazishia na baba yake, anacheka na meno yote. Sijamwona akicheka vile tangu aanze kurefuka. Mvua ilipoanza kudondoka tulikuwa tumeshatandaza maturubai, tumejibanza sote kibarazani, tumelowa, tumechafuka, na hakuna aliyetaka kurudi kwake. Wale wateja niliwasuka wote siku ile, na simenti ilikuwa masikioni mwao.

Kilibaki kibao cha nyuma ya pete. Mbao nzuri zilikuwa hazipatikani, na zilizopatikana zilikuwa zimepinda. Nikaingia chumba cha mbele siku moja nikamkuta mume wangu anakatia kitambaa sakafuni, amepiga magoti, shati la mtu limetandazwa kwenye mkeka wangu.

"Meza yako iko wapi?"

Akanionyesha uani kwa mkasi. Meza yake ya kukatia, aliyorithi kwa fundi aliyemfundisha kazi, ile ambayo hata chai haikuruhusiwa kuwekwa juu yake, ilikuwa imepigwa rangi nyeupe na kufungwa juu ya nguzo ya chuma. Ilikuwa kubwa kuliko ilivyohitajika. Mdogo wangu alitaka kuipunguza kwa msumeno, Sentimita akakataa isiguswe na mtu.

"Sasa utakatia sakafuni mpaka lini?" nikamwuliza.

"Magoti yangu bado mazuri," alisema, akaendelea kukata.

Wavu aliushona mwenyewe, kwa uzi wa nailoni, akiketi kizingitini. Mistari ya kiwanja aliichora kwa chaki ya ushonaji kwanza, ile bapa, akiifuata na brashi ya rangi taratibu kama anayemtia mtoto wanja. Alipomaliza alirudi nyuma, akaegemea ukuta, akasema, "Mcheza kwao hutunzwa." Akampa binti yake mpira.

Mtoto akarusha. Mpira ukagonga chini ya pete ukarudi. Akarusha tena, ukapungua. Akarusha tena, ukapungua tena. Tulipiga makofi kwa yote, hatukujua lolote.

Siku zilizofuata nilisuka kwa kuhesabu milio. Puu kwenye zege, puu, kimya, halafu ngwa kwenye chuma. Mara chache sana nilisikia wavu ukinong'ona, na hapo kibaraza kizima kilishangilia, wateja na msuko wao, mimi na chanuo langu. Lakini mtoto aliingia ndani jioni amekunja uso.

"Mama, mikono yangu haina nguvu. Shuleni wenzangu wote walikuwa wanafunga kutoka mstari kama ule, mimi naishia chini ya pete."

"Pumzika mwanangu, kesho utafunga."

"Kila siku kesho."

Nilikuwa na hofu kwamba tumemjengea mahali pa kujidharau bila bughudha. Na hapo hapo nilikuwa naona jambo jingine, nikawa simwambii mtu nisije nikalitia mkosi. Pete ile ilikuwa juu mno kwa mtu aliyejikunja. Ilimlazimu ainue kidevu kuiona. Ilimlazimu afungue kifua, akanyage kwa vidole, ajinyooshe mpaka mwisho wake na zaidi. Akitoka uani kuja kuomba maji, alikuwa anafika mlangoni bado yuko vile, mrefu wote, na safari hii akawa anainama kwa ajili ya mlango tu.

Siku moja kabla ya ule uchaguzi, nani aje kibarazani kwangu kutaka kusukwa? Kocha mwenyewe. Mwanamke mpana wa mabega, sauti ya kengele, anasema anataka mistari ya haraka maana kesho ana kazi nyingi. Nikamketisha, nikashika chanuo. Sikumwambia kitu. Lakini masikio ya kocha ni masikio ya kocha. Puu, puu, kimya, ngwa.

"Huko nyuma kuna goli?"

"Lipo, la mwanangu."

Akanyanyuka na chanuo langu limechomekwa kichwani, huyo, uani. Nikamfuata. Sentimita naye akatoka na sindano mdomoni. Binti yetu alipomwona nani amesimama mlangoni aliganda na mpira mkononi, na nikaona mabega yanaanza kuingia ndani. Lakini kocha hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama juu.

"Nani kaweka pete hii huko peponi?"

"Ni kipimo halali," Sentimita akasema, akaitoa sindano. "Nimepima mwenyewe."

"Hebu nipe hiyo futi yako."

Mtaani kwetu hakuna mtu aliyewahi kumwambia vile. Aliitoa. Ngazi ikaletwa, ile ya mbao, kocha akapanda, mimi nikaishikilia, futi ikashuka kutoka kwenye pete hadi chini, ikarudiwa maana haikutosha, na Sentimita akainama kusoma. Akakaa pale ameinama.

"Kiasi gani?" kocha akauliza kutoka juu.

"Imezidi," mume wangu akasema. "Imezidi shibiri."

Halafu akajipiga paji la uso, na mimi nikajua kabla hajatamka.

"Niliacha upindo."

Kocha hakuelewa. Nilimweleza mimi, huku nacheka mpaka machozi yananitoka: kwamba mwanamume huyu hajawahi maishani mwake kumpimia mtoto kitu chochote bila kuzidisha shibiri, kwamba mkono wake wenyewe umeongeza upindo kwenye uzi bila kumwuliza, kwamba huo ndio ugonjwa wake na ndio unaotulisha. Nilicheka peke yangu. Sentimita alikuwa amekaa chini kwenye zege, uso kati ya viganja.

"Nimemharibia mtoto," alisema. "Siku zote hizi anakosa, anajiona hafai, kumbe ni mimi."

Tukageuka sote kumtazama binti yetu. Aliiangalia pete, akaiangalia futi, akatuangalia sisi.

"Kwa hiyo si mimi?" alisema. "Mikono yangu haina kasoro?"

"Mikono yako?" kocha akasema akishuka ngazi. "Umefunga ngapi kwenye dude hili?"

"Chache."

"Mimi nisingefunga hata hizo. Kesho uje. Ukichelewa nitakuja kukuvuta masikio, na nyumbani kwenu sasa napajua."

Kesho yake tulifunga duka na kibaraza, tukaenda wote, hata mdogo wangu na miwani yake. Watu walikuwa wengi pembeni. Jina la Ngazi nililisikia nyuma yangu, nikageuka nikamtazama aliyelisema mpaka akaanza kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba. Binti yetu akaingia. Mpira wake wa kwanza ulipita juu ya pete na juu ya kibao, ukaenda kumtafuta mtu wa soda. Watu wakacheka. Wa pili ukagonga kibao kwa kishindo. Wakacheka tena. Sentimita alikuwa ameuma futi kwa meno.

Na mtoto akasimama pale katikati, watu wote wanamtazama, ndilo hasa jambo alilosema hataweza. Alishusha pumzi. Aliinua kidevu kuitafuta pete, akakikuta kimezidi, akakishusha kidogo. Akatabasamu! Baadaye alituambia kwamba kwa mara ya kwanza kitu kilikuwa kiko chini kuliko alivyotegemea. Akarusha kwa upole, kama anamwekea mgonjwa mto. Wavu ukanong'ona. Akarusha tena. Ukanong'ona tena. Mdogo wangu akapiga ukelele ambao nadhani uliwaamsha watoto wachanga mitaa mitatu. Sikumbuki alifunga ngapi, maana sikuwa naona vizuri. Nakumbuka kocha akitangaza waliochaguliwa, na mwanangu akitembea kuelekea kwao akiwa mrefu kuliko wote, na hakupunguza hata kidole.

Jioni ile ile mdogo wangu akaleta mashine ya kukatia chuma. Sentimita alikuwa ameshaweka alama ya chaki kwenye nguzo, shibiri moja kamili, ameipima mara nyingi kiasi kwamba chaki imeisha. Alitaka kosa lake liondoke kabla jua halijazama.

"Mjomba, subiri," binti yetu akasema. Alikuwa bado na namba ya karatasi kifuani. "Baba, mtoto akiletewa sketi ndefu, wewe huwa unaukata upindo?"

"Nani aukate? Ukiukata umekwisha."

"Unafanyaje?"

"Ninaukunja. Nauacha ndani mpaka afike."

"Basi usikate nguzo. Kibao ni kikubwa, kina nafasi. Ishusheni pete peke yake, mtoboe matundu mengine hapo chini, nifanye mazoezi sawa na wenzangu. Yale ya juu yaacheni." Akajinyoosha, mkono mmoja juu, vidole vyote, akiyaonyesha. "Siku nikiigusa pete ikiwa chini, utaifungulia upindo."

Baba yake akaifuta ile alama ya chaki kwa kiganja. Akaipokea spana kwa shemeji yake, akapanda ngazi mwenyewe, akaanza kulegeza boliti. Mimi nilishika ngazi. Binti yetu alisimama chini ya goli akiwa ameinua mikono yote miwili, tayari kuipokea pete.